Makumbusho ya polisi, nyumba ya maumivu, ao chumba cha kumbukumbu za kartie: hapa L'shi (Lubumbashi) tuchague gani?

Jambo lenyewe lilianza kama masihara. Tulikuwa tumekaa wachache, watu wa kartie huku Katuba, tunaongea habari za wezi wa usiku na vile watu wa kwetu wanaogopaka polisi sawa na mwizi, wangine hata zaidi, kisha papa mmoja aliyekuwa polisi miaka mingi, sasa iko pansio, akasema kwa Wazungu kuko makumbusho ya polisi, watu wanaingia na watoto wao, wanaangalia kofia za zamani, pingu, mapicha, wanazoea na woga unapungua, sasa juu ya nini na sisi tusitafute namna ya kufanya yetu hapa Lubumbashi. Mama mmoja anauzishaka mboga soko ya Kenya, ile komini ya hapa mjini, akamujibu bila hata kuacha kuchambua matembele yake: "Papa, mi niingie ku polisi bule, bila konvokasio, ile karatasi ya kukuita? Na kutoka, nitatoka na ngapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini mi nilirudi nyumbani na ile swali kichwani, juu mama alikuwa ametupa kipimo bila yeye kujua. Watu wakilinganisha makumbusho wanaangaliaka ukubwa, vitu vilivyomo, bei ya tiketi. Yeye aliangalia mlango. Nani anaushika, nani anaweza kuupita bila moyo kudunda, na mi naongeza: ukiisha kuingia, unaweza kusema "hapana, haikuwa vile" na neno lako likabaki ndani?

Basi nimeziweka hapa njia zote tulizokuwa tunabishania, moja pembeni ya ingine, ili tukikutana tena tusibishane hewani. Ziko nne, ila hazina uzito sawa, kwa hiyo kuko pale nitakaa sana na kuko pale nitapita mbio.

Makumbusho ndani ya nyumba ya polisi wenyewe

Hii njo ile papa wa pansio alikuwa nayo kichwani. Mfano wa kwanza kwa sisi tunaosoma Kifaransa ni Paris. Prefe wa polisi Louis Lépine aliifungua mwaka 1909, na mwanzo wake ni vitu vilivyokusanywa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1900. Kuingia ni bure. Sasa sikiliza hii: iko ghorofa ya tatu ndani ya komisaria ya arondisema ya 5, yaani ili ufike kwenye makumbusho unapita kwanza kwa polisi, unawasalimia, unapanda. Mtu wa Paris pengine anaona ni kitu cha kupendeza, anapata makumbusho na kuzoea komisaria siku moja. Chukua mlango ule ule uuweke huku kwetu, komini ya Kampemba. Utapata wageni wawili, mmoja atakuwa amepotea njia na mwingine anatafuta ndugu yake aliyekamatwa jana.

Tokyo nao wanayo yao, pale Kyobashi, bure pia, na watoto wanavalishwa yunifomu ndogo wapigwe picha, kuko mpaka helikopta ya zamani ya polisi ya kukaa ndani. Manchester, Uingereza, walichukua kituo cha polisi cha mwaka 1879 pale Newton Street wakakigeuza makumbusho mwaka 1981, na kasho za zamani bado ziko, mtoto wa shule anaingia anafungiwa mlango kidogo anasikia baridi ya ukuta, halafu wanaomwelezea mara nyingi ni polisi waliostaafu.

Hapo kwa wastaafu njo mi naona faida ya kweli ya njia hii. Kofia ndani ya kioo haileti kuaminiana na mtu yeyote. Mzee aliyekuwa polisi miaka 30, sasa hana bunduki, hana amri ya kutoa, hana kitu cha kukuomba, anakaa na wewe anakwambia siku aliyoogopa sana kazini ilikuwa ipi, hapo unamuona mtu ndani ya yunifomu. Ndiyo maana papa wetu wa pansio mi namheshimu kwa wazo lake hata kama silichagui lote. Yeye mwenyewe ni kitu cha makumbusho kinachotembea (anisamehe).

Kuhusu watoto kuvaa yunifomu, eh. Kule Tokyo ni mchezo mzuri. Huku kwetu mtoto anajua yunifomu mbele ya kujua kusoma, anaijua kwa namna mama yake anavyokunja kitambaa cha nyanya mbio mbio pale soko anaposikia filimbi. Ukimvalisha ile kofia ucheke naye, sawa, lakini mama yake amesimama pembeni anafikiria nini?

Shida kubwa ya njia hii ni kalamu. Nyumba ikisimulia habari yake yenyewe, kuko droo ambayo haifunguki haraka. Polisi ya Paris njo ilikamata Wayahudi karibu 13,000, wanaume, wanawake na watoto, kwa siku mbili za Julai 1942, na njo iliua Waaljeria waliokuwa wanaandamana tarehe 17 Oktoba 1961. Ukweli wa 1942 ulikubaliwa na mkubwa wa nchi, rais Chirac, mwaka 1995, zaidi ya miaka 50 kiisha. Kabati la kofia halikuufanya ukweli huo utoke, walioutoa ni walionusurika, familia zao na watafiti waliokataa kunyamaza. Sisemi makumbusho ile ni ya uongo. Nasema tu kwamba mwenye ufunguo wa droo ana uwezo wa kuchelewa.

Kuko namna ya katikati nimeipenda kidogo, ile ya Vancouver, Kanada. Jina ni makumbusho ya polisi, lakini anayeisimamia ni chama cha historia kilicho pembeni, kiliundwa 1983, na mlango ulifunguliwa 1986 ndani ya jengo la 1932 lililokuwa nyumba ya maiti na korti ya kuchunguza vifo. Tiketi unalipa. Polisi iko ndani ya hadithi, ufunguo uko kwa wengine. Huku kwetu chama cha namna hiyo kingekaa miezi mingapi mbele ya kugombana juu ya kasha ya pesa, hiyo mi siandike, tunajuana.

Nyumba ya maumivu

Njia ya pili ni kinyume kabisa. Hapa hauonyeshi kofia, unafungua mahali ambapo watu waliumizwa, unawaita walioumizwa warudi waongee.

Johannesburg iko Constitution Hill. Ilikuwa gereza, Gandhi alifungwa pale, Mandela pia alipita, na maelfu ya watu ambao jina lao halikuandikwa gazetini, wengi walikamatwa tu juu ya kukosa karatasi ya pasi. Leo mahali pale pale kuko Korti ya Katiba ya Afrika ya Kusini, ilifunguliwa 2004, na matofali ya jengo moja la mahabusu lililobomolewa yalitumika kujengea korti. Wafungwa wa zamani waliitwa warudi, waingie tena vyumba vile, waseme nani alilala wapi na nani alikula nini. Mtu anayebishana na serikali leo anapita kwenye ukuta wa gereza la jana. Mi nikifikiria ile naona nguvu yake haiko kwenye huzuni, iko kwenye jirani: maumivu na haki viko kiwanja kimoja, na mtu anaweza kutembea kutoka moja kwenda ingine kwa miguu.

Nairobi ni mfano wa pili na ni wa kuumiza kwa njia tofauti. Vyumba vya chini vya Nyayo House, ambamo watu waliteswa wakati wa utawala wa Moi, vilifunguliwa kwa watu kuona mwaka 2003 baada ya serikali kubadilika. Walionusurika waliingia, walilia, magazeti yalipiga picha. Lakini kufungua mlango siku moja haitoshi, na walionusurika wameendelea miaka na miaka kudai pageuzwe makumbusho ya kweli, wakati wangine walienda kutafuta fidia kortini. Kwa hiyo mtu akikwambia "tufungue tu mahali, watu waone", muulize: na kesho yake, nani atakuwa na ufunguo?

Mfano wa tatu ndio ulinishika zaidi na wengi hawaujui. Ni Münster, Ujerumani, nyumba inaitwa Villa ten Hompel. Tajiri wa simenti aliijenga, kiisha wakati wa vita ya pili ya dunia ikawa ofisi ya wakubwa wa polisi ya kawaida, yaani polisi wenye kanzu ya kila siku, na kutoka pale waliamrisha vikosi vilivyoenda kusaidia kuua watu mashariki. Baada ya vita, nyumba hiyo hiyo, si ingine, ikawa ofisi ya kushughulikia malipo ya walioteswa na Wanazi. Tangu 1999 ni mahali pa kumbukumbu. Na wageni wake si watalii tu, polisi wa leo wenyewe wanaenda kujifunza pale, wanakaa wanajadili: mimi ningepewa ile amri ningefanya nini? Hapo ndipo nilielewa makumbusho ya polisi inaweza isiwe kwa ajili ya raia hata kidogo, inaweza kuwa kwa ajili ya polisi kijana ambaye kesho atapewa filimbi na fimbo bila mtu kumwambia fimbo ile ilishapita wapi.

Na sisi Lubumbashi tuna mahali pa namna hiyo? Tunapo, na pa kutisha. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walishushwa uwanja wa ndege wa Luano, wakapelekwa nyumba ya Brouwez si mbali na pale, wakapigwa, usiku wakapelekwa porini wakapigwa risasi, na kati ya Wabelgiji waliokuwapo kuko mkomisa wa polisi. Kiisha polisi mwingine Mbelgiji, Gerard Soete, njo alifanya kazi ya kukata miili na kuiyeyusha kwa asidi, na akabakisha jino. Jino! Alikaa nalo nyumbani kwake, mwenyewe alikubali mbele ya watu mwaka 1999, akakufa mwaka uliofuata, na serikali ya Ubelgiji ilikuja kulichukua kwa binti yake 2016, ikalirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022. Sanduku lilipita mpaka huku Shilatembo, pale walipouawa, halafu likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Fikiria vizuri. Kitu cha polisi kinachojulikana kuliko vyote katika historia ya mji wetu ni jino la mtu lililowekwa na polisi kama ukumbusho wake wa kibinafsi. Kila mtu anayetaka kufanya makumbusho ya polisi Lubumbashi lazima apite mbele ya jambo hili, hakuna kioo cha kofia kinaweza kulifunika.

Sasa ubaya wa njia ya pili. Ni kubwa. Ni ya serikali, ya wanasheria, ya pesa mingi, na kila mkubwa atataka kukata utepe. Halafu yale mauaji ya 1961 mkono wa Wabelgiji na wa serikali ya Katanga iliyokuwa imejitenga umechanganyika, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 kwenye kampusi ya Unilu, chuo kikuu cha hapa, waliouawa ni wanafunzi na hesabu yao watu wanabishana mpaka leo, ukifungua hayo yote kwa mara moja unafungua pia ugomvi wa makabila na wa siasa ambao bado una moto chini ya majivu. Kwa familia ya aliyeuawa, hii njo njia ya haki na mi siwezi kumwambia asubiri. Kwa kikundi cha watu wanane wa kartie wenye kopo moja la pesa, ni kubeba mlima kwa kitunga.

Chumba cha kumbukumbu, vitu vya watu wenyewe

Hapa njo nitakaa.

Sisi tayari tuna makumbusho hapa mjini, Musée National ya Lubumbashi. Ilianza 1946 wakati mji bado unaitwa Élisabethville, na aliyeianzisha ni Francis Cabu, mtu wa kuchimbua mambo ya kale. Watu wengi wanaikumbuka juu ya misalaba ya shaba, ile pesa ya wahenga, shule ziliwapeleka. Lakini kuko kitu kingine ilifanya ambacho nafikiri ni dawa ya swali letu: kuanzia 2000, pamoja na watu wa Unilu, kulikuwa projeti ya Kumbukumbu za Lubumbashi, na wakazi wenyewe walileta vitu vya nyumbani kwao, radio ya zamani, sahani ya kazini, picha ya harusi, na walisimulia wao wenyewe kitu kile kilikuwa na maana gani. Neno lao lilikuwa lile lile tunalotumia nyumbani, ukumbusho. Mlango ulikuwa wa makumbusho, lakini waliojaza chumba walikuwa watu wa Kamalondo, Kenya, kambi za kampuni ya madini Gécamines.

Sasa chukua namna ile ile, badilisha swali. Usiseme "leteni vitu vya maisha ya mjini". Sema: lete kitu kimoja kinachokukumbusha polisi, kizuri ao kibaya, na utuambie mwenyewe.

Mi nimejaribu kichwani, nikaona vitu vinakuja haraka kuliko nilivyofikiri. Konvokasio iliyokunjwa mara nne. Picha ya baba amesimama na yunifomu ya jandarmeri. Filimbi. Kiatu kilichobaki siku ya kukimbia. Barua ya mke wa polisi aliyekaa kambini na watoto sita wakisubiri mshahara ambao haukuja, juu tusisahau hiyo, kambi za polisi ziko ndani ya mji huu na watoto wao wanasoma na wa kwetu, wanalala njaa na wa kwetu, na matabishi mengi (zile rushwa ndogo ndogo) ya barabarani yanaanzia kwenye sahani tupu ile. Sisemi ni haki. Nasema kitu hicho kinastahili kuwa ndani ya chumba pembeni ya konvokasio, kitazamane nacho.

Na tunazo tayari tablo. Wale waliokuwa wadogo wakati wa Mobutu wanakumbuka, sebule nyingi za hapa zilikuwa na ile tablo iliyoitwa Colonie Belge: mfungwa amelala chini, mwingine anampiga fimbo, Mzungu amesimama na kofia yake nyeupe anaangalia, wanawake wanalia pembeni. Anayeshika fimbo ni nani? Ni mweusi, askari wa Force Publique. Watu wa Lubumbashi waliitundika ile picha wenyewe nyumbani kwao, juu ya kiti cha wageni, hakuna serikali iliyowalazimisha, kwa nini? Kila mzee ana jibu lake na majibu hayo njo makumbusho. Wangine watakwambia tablo ilikuwa inasema ya Mbelgiji lakini kila mtu alikuwa anasoma ya Mobutu.

Tena historia yenyewe ya polisi ya kwetu, ukiitandika ukutani, inajieleza bila hotuba. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliunda Force Publique tangu miaka ya 1880, ikawa jeshi na polisi kwa mara moja, yaani mtu aliyepigana vita ndiye yule yule aliyekuja kukusanya kodi. Desemba 1941, hapa hapa, wafanyakazi wa kampuni ya madini Union Minière wakagoma juu ya mshahara, wakakusanyika uwanja wa mpira, askari wakapiga risasi na watu kwa makumi wakafa, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akafa nao. Mwaka 1972 Mobutu akaichanganya polisi ndani ya Jandarmeri. Mwaka 1984 akaongeza Garde Civile. 1997 Mzee Kabila akaingia ikawa Polisi ya Taifa ya Kongo, na sheria mpya ya polisi ikaja 2011. Koti linabadilishwa, jina linabadilishwa, beji inabadilishwa, mtu wa kawaida anabaki na swali moja tu: huyu anayekuja, anakuja kunilinda ao kunikamua? Kijana polisi wa leo mwenye miaka 24 hakupiga risasi 1941, hakushika fimbo ya Bulamatari, serikali ile ya wakoloni, lakini watu wanamwangalia na macho ya bibi zao, na hakuna mtu aliyemwambia macho yale yametoka wapi. Chumba cha namna hii kingemwambia.

Mlango? Wa makumbusho ya mji, ambao mama wa matembele anaweza kuupita bila konvokasio. Kalamu? Ya kila aliyeleta kitu, polisi na raia, kila karatasi chini ya kitu ina jina la aina ya mtu (mama wa soko, polisi wa pansio, dereva wa taksi-bisi) bila jina lake halisi kama hataki. Hii ya kuficha jina si kitu cha kuchezea, juu mtu akileta konvokasio na jina la komisa bado liko juu yake, kesho anatafutwa. Unafunika majina yote, ya pande zote mbili, na unapiga kopi, asili anarudi nayo nyumbani.

Ubaya wake nao tusifiche. Umeme ukikatika chumba ni giza. Mvua za Januari na karatasi hazipatani. Watu wanaweza kuleta uchungu tu, kitu kimoja kizuri na thelathini vibaya, na polisi watasema mumetuita tuje tutukanwe. Jibu langu kwa hiyo ni kwamba vitu vya kambi ya polisi vianze kukusanywa mbele ya vile vya soko, na wakusanyaji wake wawe wake wa polisi wenyewe, wanajua kuongea kuliko waume zao. Halafu ni chumba kidogo, hakitashika watu wa mji wote. Sawa. Kinaweza kutoka, kikazunguka, mwezi mmoja Ruashi, mwezi mmoja Katuba, ndani ya sale ya parokia ao ya shule.

Bila makumbusho yoyote

Yaya mmoja kwenye kikundi alisema haya yote ni anasa, tufanye mkutano na polisi yaishe. Hana kosa. Tangu miaka ya 2010 huko mbele, polisi ya Kongo imejaribu polisi ya ujirani, walianza kwa majaribio Bukavu, Kananga na Matadi na pesa za wafadhili, na kuko yale mabaraza ya usalama ya komini ambamo mkubwa wa komini, polisi na wawakilishi wa raia wanakaa meza moja. Mkutano unasuluhisha taa ya barabara iliyokufa, unasuluhisha kona ambayo vijana wanapora saa mbili usiku, na hakuna makumbusho inayofanya hiyo. Kama shida yako ni ya wiki hii, acha kusoma, enda kwenye mkutano.

Lakini mi nimeishakaa kwenye mikutano. Wanaokaa mbele ni wale wale, wenye viti vya plastiki vyenye mikono. Mama wa soko hafiki, iko sokoni. Na kitu kinachonichosha zaidi: komanda mnamzoea, mnaanza kuelewana, anapelekwa mji mwingine, anakuja mpya, tunaanza alfabeti upya, hakuna aliyeandika, hakuna kitu kilichobaki ukutani. Mkutano hauna kumbukumbu. Chumba hakisuluhishi taa. Vyote viwili vina mguu mmoja mmoja.

Sasa nani achague nini

Kama wewe ni mwalimu wa primeri na unataka tu watoto wasikimbie wakiona kofia, tafuta polisi wastaafu wawili wenye ucheshi, waje shuleni na filimbi na pingu za zamani, hiyo ni makumbusho ya Manchester bila jengo, na gharama ni soda. Usiwapeleke komisaria, walete wao.

Kama wewe ni wa familia ambayo mtu wake hakurudi, chumba cha kumbukumbu kitakuumiza bila kukupa unachotafuta, njia yako ni ile ya Johannesburg na Nairobi, mahali penyewe, majina, mwanasheria pembeni. Usikubali mtu akupe kioo na maua pahali pa jibu.

Kama wewe ni mkubwa wa polisi na kwa bahati umefika mpaka mstari huu, mi nakuomba usijenge kitu. Peleka vijana wako wapya kwa zamu, nguo za kawaida, bila silaha, mahali ambapo raia wanasimulia, na waambie wasijibu siku ya kwanza. Ile ya Münster. Kujibu wataanza siku ya pili. Wakiomba radhi wenyewe bila kuamrishwa, andika hiyo kwenye rapoti.

Na kama ninyi ni kama sisi, watu wanane na kopo la pesa, chumba cha ukumbusho ndani ya mlango wa watu wengine njo kinatutosha, na kila kinapofika kartie mpya kiitishwe mkutano ndani ya chumba kile kile, viti vipangwe katikati ya vitu. Hapo mkutano unapata kumbukumbu na kumbukumbu inapata taa ya barabara. Mbele ya kuongea habari ya wezi, kila mtu atakuwa ameshapita mbele ya konvokasio na mbele ya barua ya mke wa polisi. Nafikiri sauti zitakuwa chini kidogo. Pengine.

Papa wa pansio nilimpigia simu kumwambia nimeweka wazo lake mwisho kabisa kwenye chaguo langu, na juu ya nini. Alinyamaza, nilifikiri amekasirika, kisha akaniuliza kama filimbi lazima iwe inalia ao hata iliyopasuka wataipokea, juu ile ya kwake ilipasuka siku moja ya mpira pale stadi ya Kenya na habari yake ni ndefu. Nikamwambia iliyopasuka ni nzuri zaidi. Mama wa matembele naye nilipita kwake soko, nikamuuliza atatuletea nini. Akafikiri, akanipa fungu langu, akasema: "Mi nitaleta risiti." Risiti gani, mama? "Ile hawakunipaka. Muniwekee karatasi tupu pale, watajua."